Pakiti ya Glukosi Chini ya Soksi

Chelangat, mwanangu,

Uko jikoni na nyanya yako, Kogo, ukuta mmoja tu kati yetu, nami nakuandikia kana kwamba umeshafika mbali. Ninawasikia. Kogo anakuambia kwamba chai ya huko shuleni itakuwa maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, nawe unacheka kile kicheko chako kinachokwama puani. Mvua imeanza tena juu ya mabati. Kesho asubuhi tutapakia sanduku lako kwenye gari la mjomba wako na utaondoka Boito, na mimi ninaogopa hadi mwandiko wangu siutambui.

Nitaanza na kilichonikalisha hapa. Leo mchana nilifungua sanduku lako niongeze sabuni. Ile pakiti ya glukosi niliyokuwa nimeiweka juu kabisa, mahali ambapo mtu yeyote akiinua kifuniko angeiona, haikuwepo. Nikapekua. Niliikuta chini kabisa, imeviringishwa ndani ya soksi za kijivu, na juu yake umepanga taulo, shuka, sare na Biblia. Hukuisahau. Uliificha.

Nilikaa sakafuni na soksi mapajani. Nikakuona umeanguka kati ya vitanda viwili, jasho linakutoka, ulimi umekuwa mzito, na wasichana wamekuzunguka wakiulizana kama umelewa au una mapepo. Na kile kinachoweza kukuinua kiko palepale, chini ya miguu yao, ndani ya soksi, na hakuna hata mmoja anayejua.

Hii si barua ya kwanza. Ya kwanza niliiandika juzi, na ilikuwa maagizo matupu. Asubuhi fanya hivi. Kama hujala, fanya vile. Kama umekula lakini kuna michezo, basi hivi, isipokuwa kama una homa, na kama una homa na pia mmepangwa kwa usafi... Kila sentensi ilizaa nyingine. Nilikuwa bado sijafika kwenye chakula cha jioni nilipogundua kwamba hakuna mtu awezaye kusimama katikati ya bweni akitetemeka na kuisoma barua ile. Halafu wewe hayo yote unayajua. Unajidunga mwenyewe siku hizi, tena kwa mkono mwepesi kuliko wangu. Nikaitia barua motoni, ikasaidia kuchemsha maziwa. Kogo akauliza, “Hayo ni makaratasi ya kazi?” Nikasema ndiyo. Wala sikumdanganya sana, maana nimewahi kuandika kitu cha namna ile kazini, na ndicho ninachotaka kukusimulia.

Lakini kwanza Jumapili. Tulikuwa tukimenya viazi baada ya kanisa, nikakuuliza kama utamwambia msichana atakayelala karibu nawe. Hukuinua macho.

“Matroni anajua. Mwalimu wa bweni anajua. Imetosha.”

“Matroni halali kando yako.”

“Mathe, tafadhali.”

“Ninauliza tu.”

“Huulizi. Wewe ukiuliza huwa umeshakuja na jibu.” Ukaweka kisu chini. “Gredi ya sita waliniita Sindano. Nikipita, Sindano anapita. Nikikohoa, Sindano ametoboka. Huko hakuna mtu ananijua. Nataka niwe mtu tu, hata kama ni muhula mmoja.”

Kogo akasema kutoka mlangoni, “Mtu tu ndiye nani? Mimi sijawahi kumwona.” Ukacheka, nami nikacheka, mkarudi kwenye viazi. Mimi sikurudi. Maneno yako yamekaa nami tangu siku hiyo, kwa sababu ni ya haki, na kwa sababu yananitisha.

Nikueleze mama yako ni mtu wa namna gani. Nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, Kogo alinituma kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Yalikuwa ya magunia mawili. Sikutaka mawili. Nilitaka moja, nilibebe mwenyewe, nilitazame mwenyewe, nisiache jingine njiani mtu akaligusa. Nikayashindilia majani kwa goti, nikayakanyaga, nikafunga kamba. Yote yaliingia, nami nikajiona hodari. Kituoni karani aliingiza mkono katikati ya gunia, akautoa haraka.

“Msichana, umepika?”

Majani mabichi hupumua, unajua hilo tangu ukiwa mgongoni kwa Kogo. Yakibanwa hupata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki. Foleni nzima ilicheka. Mama mmoja akaniuliza kama nina maharagwe ya kula nayo. Niliyabeba tena nikayamwaga shimoni, na somo nililolipata siku hiyo halikuwa lile lililokuwepo. Nilijifunza kutoruhusu watu waingize mkono.

Nikakua hivyo. Nilikuzaa nikiwa bado msichana wa shule, Kogo akanirudisha darasani kwa nguvu, akakulea. Nilipomaliza chuo kikuu na kurudi na digrii yangu ya kompyuta, ulikuwa ukimwita yeye mama, na mimi ukiniita Chebet, kama alivyoniita yeye. Simlaumu mtu. Lakini nilipokuchukua, nilikuchukua kwa mikono yote miwili na sikumwachia mtu hata ukucha wako. Kisha ukiwa na miaka tisa kisukari kikaja, na hofu yangu, iliyokuwa ikizurura bila kazi, ikapata kazi.

Mimi ndiye niliyekupima. Mimi ndiye niliyekudunga. Mimi nilijua umekula nini, umekimbia kiasi gani, umelala vipi. Wengine wote, pamoja na Kogo, niliwapa amri moja fupi kwa sababu niliona inawatosha: asipewe sukari.

Wakati huohuo, kule ofisini Kericho, nilikuwa nikiandika programu ya kiwanda kimoja cha chai. Ilikuwa ya kupokea kilo kutoka vituo vyote vya wakulima: nani kaleta nini, gunia lina uzito gani, majani yamelowa kiasi gani ili uzito wa maji ya mvua utolewe. Kila kituo kilikuwa na desturi zake. Niliandika kwa Java. Katika lugha hiyo maagizo hupangwa katika mafungu, kila fungu na jina lake, nayo tunayaita methodi. Mtu mwenye busara hufanya mafungu madogo mengi. Mimi nilikuwa na moja. Kila kituo, kila barabara, kila “ikiwa” na kila “la sivyo”, vyote vilikuwa ndani ya methodi moja ndefu ambayo ni mimi peke yangu niliyeweza kuisoma. Kibet, niliyekaa naye meza moja, aliiita Mau, kama ule msitu. “Ukiingia,” alisema, “hutoki.”

Sikujali. Vyote vilikuwa mahali pamoja nilipoweza kuviona.

Siku moja nikaongeza vituo vipya, na kompaila ikakataa. Kompaila ndiyo inayosoma tulichoandika na kukigeuza kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Iliniambia kwamba methodi yangu ni kubwa mno. Java ina kikomo: methodi moja, ikishageuzwa, haiwezi kuzidi baiti elfu sitini na tano na ushei. Nilikuwa nimesoma habari hiyo chuoni na kuipuuza, kama mtu asomaye mzigo wa mwisho ulioandikwa kwenye daraja akiwa anavuka kwa miguu.

Kilichonitisha ni namna ilivyokataa. Makosa mengine kompaila hukuonyesha mstari, ukaenda ukaurekebisha. Hapa hakukuwa na mstari wenye kosa. Kila mstari ulikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwamba yote yamekaa pamoja.

Kwanza nilijidanganya. Nilifuta maelezo niliyokuwa nimejiandikia pembeni, nikafupisha majina marefu. Kibet akachungulia begani kwangu.

“Chebet, hiyo ni kunyoa nywele ili upite mlango mwembamba.”

Alisema kweli. Maelezo hayageuzwi kuwa chochote, na kufupisha yale majina hakupunguzi kitu ndani ya methodi. Nilijua. Lakini mtu mwenye hofu hufanya hata lile asiloliamini, mradi mikono isikae bure.

Kisha nikakata. Nilichagua mstari wa katikati, nikachukua nusu ya chini, nikaipa jina lake, nikaifanya nusu ya juu iiite ifikapo mwisho. Kompaila ikanyamaza. Ndiyo njia ambayo karibu kila mtu huijaribu, na inafaa, ila ina sharti moja: fungu jipya halijui chochote ambacho la kwanza lilikijua, isipokuwa kile ulichokikabidhi. Mimi nilikabidhi kilo tu. Sikukabidhi habari kwamba maji ya mvua yalikwisha kutolewa. Tulipoijaribu, kila kituo kilichonyeshewa kilionyesha kilo pungufu. Nusu ya juu ilitoa maji. Nusu ya chini, kwa kutojua, ikayatoa tena. Hakuna nusu iliyokuwa na kosa ukiisoma peke yake. Kwa pamoja zilikuwa zikimpokonya mkulima majani yake.

Nilikuwa nimeinamia hilo, simu imezimwa sauti ndani ya droo ili nisisumbuliwe, wakati Kogo alipokuwa akinipigia.

Siku ile unaikumbuka kwa vipande. Mimi sikuwepo, lakini nimewauliza Kogo na jirani yetu Mama Wanjiku mara nyingi hivi kwamba naweza kuitembea. Asubuhi nilikudunga, nikaondoka. Ulikunywa uji kidogo ukasema tumbo linakataa. Kogo hakujua sindano na uji vina uhusiano gani, sikuwahi kumweleza. Ukamfuata shambani, mkachuma, mkapandisha kilima hadi kituoni, na mliporudi ulianza kutetemeka. Ukamtukana Kogo, wewe ambaye hujawahi kumpandishia sauti. Jasho likakutoka katika baridi ile ya Boito. Kogo akakufunika blanketi, akakutengenezea strungi, chai isiyo na maziwa, chungu, bila hata chembe ya sukari, kwa sababu binti yake msomi alikuwa amesema asipewe sukari.

Sindano yangu ilikuwa imeshashusha sukari mwilini mwako. Amri yangu ikakunyima nyingine. Mkono mmoja haukujua mwingine ulifanya nini, na yote miwili ilikuwa yangu.

Mama Wanjiku alimsikia Kogo akiita kwenye simu isiyojibiwa, akavuka barabara kutoka dukani kwake na chupa ya soda. Marehemu mume wake alikuwa na kisukari.

“Mpe hii.”

“Hiyo ni sukari,” Kogo akasema.

“Ndiyo, ni sukari. Mpe.”

“Mama yake amekataza.”

“Mama yake yuko wapi?”

“Kazini. Ngoja nimpigie.”

“Si umempigia tangu saa ile? Mama Chebet, hebu angalia macho ya huyu mtoto. Mzee wangu alikuwa akifanya hivi, namlambisha asali, anaamka na kuanza kunigombeza.”

“Wewe unauza soda. Lazima useme soda.”

Mama Wanjiku hajaisahau sentensi hiyo. Hadi leo Kogo akienda kununua chumvi huulizwa kwanza kama anaihitaji kweli au ni muuza chumvi aliyesema. Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Walisimama hapo, wanawake wawili wanaokupenda, wakivutana juu ya chupa, nawe unafifia katikati yao. Kogo akanipigia tena. Na hili ndilo linaloniamsha: hakuwa akiomba msaada. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Alikuwa akiomba ruhusa, kwa kuwa nilikuwa nimehakikisha kwamba katika nyumba hii hakuna kinachokuhusu kinachoweza kutendeka bila kupita kwangu.

Mwishowe akasema, “Mungu anisamehe, na Chebet anisamehe.” Akaichukua ile soda, akakuinua kichwa, akakunywesha kidogo kidogo, kwa kuwa bado uliweza kumeza.

Nilipoiona simu nilikimbia bila kuaga. Sikumbuki barabara. Nakumbuka nilifika nikakukuta umekaa unakula mkate, ukaniuliza kwa nini nimerudi mapema. Kogo hakuwepo ndani. Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na banda la ng'ombe, amejifunika leso usoni. Alikuwa akilia kwa sababu aliamini amekupa sumu. Alikuokoa, Chela, huku akidhani anakosa.

Nikamwambia, “Mama, umefanya vizuri.” Alinitazama kama niliyesema kwa lugha ya watu wa mbali. Nikamweleza, palepale, tumesimama kwenye matope. Akasema, “Kwa nini hukuniambia? Mimi si mjinga, Chebet. Ungeniambia.”

Ningesema nini? Kwamba niliogopa akijua atakuwa mama yako tena?

Kesho yake sikwenda kazini. Niliketi na Kogo, tukaanza upya. Safari hii sikumpa amri, nilimpa sababu: sindano hushusha, chakula hupandisha, kilima hushusha. “Kwa hivyo akitetemeka,” akasema, “sindano imeushinda uji.” Nikamwambia ndivyo. Mama Wanjiku naye akapata kipande chake, na mwalimu wako wa wakati ule chake. Hakuna niliyemjaza kila kitu. Kila mmoja alipata kazi yake ndogo, pamoja na kile kidogo ambacho bila kukijua kazi yenyewe ingegeuka kuwa madhara.

Niliporudi ofisini niliivunja ile methodi. Sikuikata tena katikati. Desturi za vituo nilizitoa kabisa ndani yake, nikaziweka kwenye faili ambayo programu inaisoma, na kila kazi nikaipa fungu lake: hili hupima, hili hutoa maji na kusema limeshayatoa. Ilinichukua muda mrefu na nilinung'unika kila siku. Kibet alipoiona akasema, “Sasa umefyeka Mau ukapanda chai. Hata mimi naweza kuchuma humu.”

Lilibaki fungu kuu. Lilikuwa fupi hata likaonekana kwenye skrini bila kusogeza. Karibu halifanyi chochote. Linaita, linangoja, linapokea, linaita tena. Nililitazama siku ile nikahisi huzuni nisiyoielewa. Nimeielewa leo, nikiwa sakafuni na soksi zako.

Sikufananishi na programu. Programu ikiharibika naisimamisha, nasahihisha, naiendesha tena tangu mwanzo, haina kinyongo wala kovu. Wewe siwezi kukuendesha tena. Ndiyo maana ninaogopa hivi, na sitakuficha, kwa sababu umeishi na hofu yangu muda mrefu ukiiita ukali.

Lakini nikitazama hilo sanduku, naona goti langu likishindilia gunia. Unataka kubeba yote peke yako, uyafunge, na mtu asiingize mkono. Umelipata kwangu. Hilo linaniuma kuliko hata ugonjwa, maana ugonjwa haukutoka kwa yeyote.

Leo nilipokuwa bado sakafuni nilichukua simu nimpigie matroni. Nilitaka kumwomba akuchagulie msichana, amwambie kwa siri, bila wewe kujua. Nilikuwa nimeshapata namba yake kwenye skrini. Kogo akapita na ndoo ya maziwa.

“Unampigia nani?”

“Hakuna.”

“Basi mwache Hakuna apumzike.”

Nikaiweka chini. Kama ningepiga, ningekuwa nimekata tena katikati bila kukabidhi kitu. Msichana angekuwa na siri yako, nawe usingejua anayo.

Kwa hiyo ninakuomba wewe. Chagua mmoja. Hahitaji kujua insulini ni nini wala kukuona ukijidunga. Mwambie tu kwamba ukianza kutetemeka, au kumtukana bila sababu, akupe glukosi ukiwa bado unaweza kumeza, na amwite matroni. Na kama huwezi kumeza, asikutie kitu mdomoni, akimbie tu. Halafu mwonyeshe iliko. Mimi nisingekuchagulia vizuri. Ningemtafuta mwenye hofu kama yangu, akusimamie usiku kucha. Wewe tafuta anayecheka vizuri, anayeweza kukuambia wewe unauza soda.

Siwezi kukuahidi kwamba hatamwambia mwingine. Siwezi kukuahidi kwamba jina la Sindano halitavuka milima likufuate. Huenda likafika. Nimejaribu kutafuta neno la kukupa kwa ajili ya siku hiyo na sijalipata. Najua tu kwamba Kogo alichekwa na soko zima kwa ajili ya chupa ile, na bado huenda dukani kwa Mama Wanjiku kila jioni, na wakikaa wawili pale kwenye benchi hutajua nani alimcheka nani.

Unaweza kukataa. Nimeliandika hilo polepole ili niwe na hakika kwamba ninalimaanisha. Ukikataa nitaogopa zaidi, lakini sitampigia matroni nyuma yako.

Sasa mmenyamaza huko jikoni. Nadhani Kogo anakusuka. Atakuvuta nywele kidogo kuliko inavyohitajika, ndivyo afanyavyo akiwa hataki kulia.

Pakiti nimeirudisha ulipoificha. Nimeiviringisha ndani ya soksi kama ulivyoiviringisha, nikapanga juu yake taulo, shuka, sare na Biblia, nikaongeza sabuni niliyokuja kuiweka. Mkono wangu ulitaka kuileta juu. Niliukalia.

Kuna jambo moja ambalo labda unalijua. Tangu ulipougua simu yangu hulia saa nane za usiku, chini ya mto wangu, sauti ndogo. Mimi huja kukugusa shingo kuona kama una jasho. Mara nyingine nilidhani umeamka na kujifanya umelala, ili nirudi kitandani nimetulia. Kama ndivyo, asante.

Kesho usiku itakapolia sitaizima, kwa sababu sijui kulala bila hiyo. Nitaamka, nitakaa, na hakutakuwa na shingo ya kugusa. Nitaogopa hapo gizani kama ninavyoogopa sasa. Sikuombi uniondolee hofu hiyo. Ni yangu, nitaibeba. Nataka tu, saa ile, huko uliko, kuwe na msichana mmoja aliyelala kitanda cha pili anayejua soksi zako za kijivu ziko wapi.

Mama